ANAYEFUTA DAMU YA WENGINE, ANALINDWA NA NANI?

Ndugu wafanya kazi,

Neno letu la safari hii si la mishahara wala si la saa za kazi, ijapokuwa hayo nayo hayajaisha. Twataka kusema juu ya damu. Hatusemi damu ya ajali kubwa ambayo kila mtu huiona na kupiga kelele. Twasema damu ndogo: tone lililokauka katika wembe bafuni, tone lililo katika ncha ya sindano ndani ya mfuko wa takataka, doa lililo katika shuka, kitambaa na nepi. Kila siku katika Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret, wako watu wengi sana wanaoigusa damu hiyo kwa mikono mitupu, kwa sababu ndiyo kazi waliyoandikwa. Watu hao ni yaya, boi wa nyumbani, mpishi, mama fua, na msafishaji aliyeletwa na kontrakta. Basi twauliza waziwazi: huyu anayefuta damu ya wengine, yeye analindwa na nani?

Jibu ni fupi. Hakuna anayemlinda. Na sisi twasema jambo hili lazima likome.

KWA NINI WATU WA RELI WANASEMA JAMBO HILI

Wako watakaotuuliza, ninyi watu wa reli mna habari gani na yaya wa watu? Kazi yenu ni njia na mabehewa, waacheni watu wa nyumbani na mambo yao. Tunawajibu kwa sababu tatu.

Ya kwanza, sisi nasi tunao wasafishaji. Behewa likifika mwisho wa safari haliwi safi kwa maombi. Iko mikono inayoingia kati ya viti, inayozoa takataka, inayoosha vyoo, na mikono hiyo hukuta nyembe, chupa zilizovunjika, vitambaa vya damu, na mara nyingine sindano. Hatari ya behewa na hatari ya chumba cha kulala ni moja.

Ya pili, yaya si mtu wa mbali. Ni dada yetu, ni binti wa jirani, ni mke wa mwenzetu wa zamu ya usiku. Mfanya kazi wa reli atokapo kazini hukuta nyumbani kwake mkewe amerudi kufulia watu nguo, mikono imepasuka kwa sabuni. Ugonjwa alioupata kule hauulizi kama mume wake ni mwanachama wa chama gani.

Ya tatu ni deni. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa walipoacha kazi wote pamoja, hawakuwa watu wa bandari na wa reli peke yao. Watumishi wa nyumbani na wa hoteli nao waliweka chini mafagio na sufuria wakatoka. Hawakusema, hilo ni jambo la makuli na watu wa reli. Mji ulisimama kwa sababu jikoni kulisimama pamoja na gati. Basi kama wao walisimama nasi wakati ule, si haki sisi kukaa kimya leo wakati wao wanachomwa.

UBAYA WENYEWE NI NINI

Magonjwa yanayopita kwa damu ni mengi, lakini makubwa ni matatu: homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C, na virusi vya Ukimwi. Tusichanganye homa ya ini na ile homa ya manjano inayoletwa na mbu. Ni vitu mbalimbali, ingawa zote mbili huweza kugeuza macho kuwa ya manjano.

Watu wengi wakisikia damu huogopa Ukimwi peke yake. Kuogopa si vibaya, lakini hesabu inafaa ijulikane. Watu 1000 wakichomwa na sindano zenye damu ya wagonjwa wa Ukimwi ambao hawajatumia dawa, watakaoambukizwa ni kama 3. Homa ya ini aina ya C ni watu wasiozidi 20 hivi katika 1000. Lakini homa ya ini aina ya B, kama waliochomwa hawakuchanjwa, huweza kufika watu 300 katika 1000. Tazameni tofauti hiyo. Ugonjwa usiozungumzwa sana ndio wenye meno makali zaidi.

Tena virusi vya homa ya ini B ni vigumu kufa. Huweza kukaa nje ya mwili, katika damu iliyokauka, siku 7 nzima vikiwa bado na nguvu. Maana yake ni hii: mwenye nyumba amenyoa ndevu Jumatatu, akauacha wembe kwenye ukingo wa sinki. Mama fua anakuja Ijumaa kuosha bafu. Damu ile yeye haioni, imekuwa doa dogo kama kutu. Anajikata kidole, anafunga kitambaa, anaendelea na kazi. Mwezi mmoja wapita, au miezi mitatu, hata sita, hana dalili. Baadaye anachoka, macho yanageuka rangi, au haoni lolote kabisa, naye ana ugonjwa ndani ambao baada ya miaka huweza kuharibu ini na kuleta saratani. Nani atakumbuka wembe wa Ijumaa ile?

Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na homa ya ini B, na wengi wao hawajijui. Hapa kwetu Kenya watoto wachanga walianza kupewa chanjo yake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hilo ni jema. Lakini mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Na wengi wanaosafisha nyumba za watu ni mama wa umri huo.

Sasa tutaje njia ambazo damu huingia. Sindano za mgonjwa wa kisukari zilizotupwa katika pipa pamoja na maganda ya ndizi. Nyembe zilizofungwa kwa karatasi laini. Gilasi iliyovunjika yenye damu ya yule aliyeivunja. Mfuko wa taka unaoshindiliwa kwa kiganja ili uchukue zaidi, kisha ukabebwa ukigonga mguu. Shuka za mgonjwa au za mzazi aliyetoka kujifungua, zinazofuliwa kwa mikono yenye michubuko. Choo kilichoziba, na yaya akaambiwa atie mkono. Nyumba zinazokodishwa kwa usiku mmoja au mbili, ambako mgeni huondoka alfajiri na msafishaji hajui aliyelala alikuwa nani wala aliacha nini chini ya godoro. Kwa mikono yenye nyufa za sabuni, hata tone lisilo na ncha lina mlango wa kuingilia.

Lakini na hili lisikike vizuri, asije mtu akaligeuza neno letu kuwa fimbo ya kupigia wenzetu. Magonjwa haya hayaambukizwi kwa kusalimiana, wala kwa kula pamoja, wala kwa kutumia kikombe kimoja au choo kimoja, wala kwa kupikiwa chakula. Mtu mwenye virusi aweza kupika, kulea na kusafisha kama mtu mwingine. Atakayesoma karatasi hii kisha akamfukuza yaya wake kwa sababu ya woga, hakutuelewa, tena amevunja sheria.

MANENO YA MATAJIRI NA MAJIBU YETU

Twayajua maneno yao, maana huyasema kila siku.

Wanasema: "Hii ni nyumba, si hospitali." Twawajibu kuwa hospitali imekwisha kuhamia nyumbani. Mgonjwa wa kisukari anajichoma sindano chumbani kwake. Mzee aliyepooza anatunzwa kitandani kwa mwanawe, anaoshwa vidonda, anabadilishwa nguo, na anayefanya kazi hiyo si nesi, ni yule yule aliyeandikwa kuosha vyombo. Nesi hospitalini ana glavu, ana kisanduku kigumu cha kutupia sindano, amefundishwa, ana wa kumwuliza. Sindano ni ile ile. Ikiwa hospitalini huitwa hatari, ikiwa nyumbani huitwa takataka. Je, imebadilika nini ila mshahara wa anayeiokota?

Wanasema: "Hayo yote ni gharama." Gharama gani? Glavu ngumu za mpira za kuoshea zinauzwa dukani karibu na sabuni, na jozi moja hudumu ikitunzwa. Jerikani tupu la plastiki gumu lenye kifuniko, la kutilia sindano na nyembe, ni kitu kinachotupwa. Chanjo ya homa ya ini B ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita, basi imekwisha, na mtu hulindwa miaka mingi. Katika nyumba nyingi za wakubwa yuko mbwa, naye mbwa hupelekwa kuchanjwa kichaa, ana kitabu chake chenye tarehe na mhuri. Yaya hana kitabu. Hatuwaonei mbwa wivu. Twauliza tu ni hesabu gani hiyo inayoona gharama ya mbwa kuwa ndogo na gharama ya mtu kuwa kubwa.

Wanasema: "Nilimpeleka kupimwa kabla ya kumwandika, hana ugonjwa, nyumba yangu ni salama." Hapa ndipo hasira yetu ilipo kubwa. Kwanza, kumlazimisha mtu apimwe virusi vya Ukimwi ili apewe kazi, au ili aendelee na kazi, ni kosa kwa Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006. Pili, kipimo hicho kinamlinda nani? Yaya hamwagi damu yake katika pipa la tajiri. Tajiri ndiye anayemwaga yake, na yaya ndiye anayeizoa. Aliye katika hatari anapimwa kama mshitakiwa, na mwenye wembe hapimwi wala haulizwi.

Wala sisi hatutaki Bwana na Bibi wapimwe kwa nguvu. La, haki ya siri ni ya kila mtu. Twataka lile ambalo waganga wenyewe walikubaliana tangu miaka ya 1980, kwamba damu ya kila mtu ihesabiwe kuwa yaweza kuwa na ugonjwa, bila kuuliza ni ya nani. Ikiwa hivyo hakuna anayeaibishwa. Glavu si tusi kwa mwenye nyumba, na kupimwa si masharti kwa mwenye kufagia.

Wanasema: "Huyo si mtu wetu, ni wa kontrakta." Hili ni neno la maofisi makubwa na majumba ya kukodisha. Wanachukua kazi, wanamwachia kontrakta mtu. Akichomwa, ofisi yasema kamwulize kontrakta, na kontrakta asema rudi kesho, na baada ya miezi kontrakta mwenyewe amebadilishwa. Wote wawili wanaosha mikono kama Pilato, na maji ya kuoshea anayachota yule yule msafishaji. Twasema: ambaye sakafu ni yake, takataka ni zake, hatari ni yake. Karatasi ya mkataba haizuii sindano.

Na wako wanaosema: "Alichomwa kwa uzembe wake." Mtu anayeambiwa amalize vyumba 8 kabla ya saa sita, bila glavu, bila taa ya kutosha, bila kuambiwa kuwa mgeni wa chumba cha tatu hujidunga sindano, huyo si mzembe. Mzembe ni yule aliyejua iko sindano akaitia katika mfuko mwembamba.

SHERIA IKO, MLANGO UMEFUNGWA

Ndugu, asiwadanganye mtu kuwa sheria haipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikusema viwanda peke yake. Ilisema mahali po pote ambapo mtu anafanya kazi, iwe kwa muda au daima. Mwajiri yampasa ahakikishe usalama na afya ya wafanya kazi wake, awafundishe, na awape mavazi ya kujikinga yanayofaa wanapokuwa karibu na vitu vya kudhuru. Sheria hiyo hiyo inamkataza kumfukuza au kumwonea mfanya kazi kwa sababu alilalamika juu ya hatari. Mwaka huo huo wa 2007 ilitoka sheria ya fidia kwa walioumia kazini, nayo yamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya watu wake. Sheria hiyo ilipigwa vita mahakamani miaka mingi, hata Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2019 kuwa ni halali. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya hali nzuri ya kazi, na haki ya kuingia katika chama.

Yaya naye ni mfanya kazi. Hata agizo la serikali la kima cha chini cha mishahara humtaja mtumishi wa nyumbani katika mstari mmoja na mfagiaji, mtunza bustani na tarishi. Kama anatajwa pale penye shilingi, kwa nini asahauliwe penye glavu?

Shida si karatasi, shida ni mlango. Kiwanda kina lango, mkaguzi hubisha akaingia. Nyumba ina pazia. Ndani ya pazia yuko mtu mmoja peke yake, hana mwenzake wa kushuhudia, hana barua ya kuandikwa, analala pale pale anapofanya kazi, na anayemdhulumu ndiye anayemlisha. Kwa hivyo sheria iliyo nzuri juu ya meza hufa kizingitini.

Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Marekani mwaka 1991 walitoa kanuni kali juu ya magonjwa ya damu kazini. Waliwaamuru waajiri watoe chanjo ya homa ya ini B bure kwa wafanya kazi walio katika hatari, na glavu, na visanduku, na mafunzo. Ni kanuni nzuri. Lakini kwa desturi ya idara yao, mtu anayeandikwa na mwenye nyumba kufanya kazi za kawaida za nyumbani aliachwa nje. Hata katika nchi tajiri namna ile, yaya alisimamishwa mlangoni. Ndiyo maana mwaka 2011 vyama vya wafanya kazi vya dunia vilikaza mkono Geneva hata ukapatikana mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, unaosema kuwa mfanya kazi wa nyumbani ana haki ya mahali salama pa kazi. Na mwaka 2022 usalama na afya kazini viliwekwa katika haki za msingi za kazi ambazo nchi zote wanachama zapasa kuziheshimu. Hatuombi upendeleo. Twadai kilichokwisha kukubaliwa.

UKICHOMWA, FANYA HIVI

Tunaandika haya yakatwe na kubandikwa ukutani, au asomewe asiyejua kusoma.

1. Osha mahali palipochomwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usinyonye kwa mdomo, usitie Jik juu ya kidonda. Kama damu imeruka machoni, suuza kwa maji safi mengi.

2. Mwambie mwajiri au mnyapara saa hiyo hiyo, na mbele ya mtu mwingine kama yuko. Ikiwezekana andika: siku, saa, mahali, kitu kilichokuchoma. Ujumbe wa simu pia ni maandishi, usiufute.

3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ziko dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinazofaa zikianzwa upesi, kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Hunywewa siku 28, usiziache katikati. Usingoje mwisho wa wiki, usingoje Bibi arudi safari.

4. Uliza habari ya homa ya ini B. Kama hukuchanjwa, chanjo ikianzwa upesi baada ya kuchomwa, vizuri katika saa 24, huweza bado kukukinga.

5. Kubali kupimwa siku hiyo kwa hiari yako, na urudi siku utakazopangiwa. Majibu ni siri yako na ya mganga, si ya mwajiri. Lakini ni silaha yako pia. Kama siku ya kuchomwa hukuwa na ugonjwa na baadaye ukaupata, hakuna atakayesema ulikuja nao kutoka kwenu.

6. Dai ajali iandikwe. Mwajiri akipata habari, ana siku 7 za kuipeleka kwa mkuu wa idara ya usalama na afya kazini. Magonjwa haya huja polepole, na pasipo karatasi ya siku ile, miezi sita baadaye utakuwa na ugonjwa usio na baba.

Na damu ikimwagika sakafuni: vaa glavu, funika kwa karatasi au tambara linyonye, mimina maji ya Jik, yaani sehemu 1 ya Jik ya nguvu ya kawaida ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji, ngoja dakika 10, kisha futa na upige deki. Usichanganye Jik na dawa nyingine ya choo, mvuke wake ni sumu. Gilasi iokotwe kwa kijiti na kizoleo, isiokotwe kwa vidole. Mfuko wa taka ushikwe juu, mbali na mguu, usishindiliwe kwa mkono.

Na wajue wote kuwa si kila aliyeambukizwa amekwisha. Homa ya ini C siku hizi hupona kabisa kwa vidonge vya wiki 8 au 12, kwa karibu wagonjwa wote. Homa ya ini B na Ukimwi hazijapata dawa ya kuziondoa kabisa, lakini ziko dawa za kuzizuia, na mtu akaishi na kufanya kazi. Anayejificha ndiye anayekufa.

TUNAYODAI

Kwanza, kila mwajiri wa mfanya kazi wa nyumbani na kila kontrakta wa usafi atoe glavu ngumu, viatu vilivyofunika kidole, na chombo kigumu cha kutupia ncha kali, bila kukata senti katika mshahara.

Pili, chanjo ya homa ya ini B kwa kila msafishaji anayeitaka, gharama juu ya mwajiri, na serikali iiweke katika zahanati zote ili mama fua asiye na mwajiri mmoja naye aipate.

Tatu, mwenye nyumba anayejichoma sindano azitupe mwenyewe katika chombo chake, na hospitali inayompa sindano impokelee chombo kikijaa.

Nne, kupima watu kwa nguvu kabla ya kuwaandika kukome, na maofisi ya kuandika yaya yanayouza "yaya aliyepimwa" kama nyama iliyopigwa mhuri yafikishwe mbele ya sheria.

Tano, gharama ya ajali ya kazi iwe ya mwajiri. Tangu Oktoba 2024 mfanya kazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya. Makato hayo ni ya mfanya kazi na watoto wake, si ya kumlipia tajiri sindano yake.

Sita, ofisi yo yote inayoweka kontrakta iandike katika mkataba glavu, chanjo na mafunzo, na asiyetimiza asipewe kazi tena.

NENO KWA WANACHAMA WETU

Sasa tuseme na sisi kwa sisi. Mwanachama aliyemwandika yaya nyumbani kwake ni mwajiri kama mwajiri mwingine. Hatuwezi kumpigia meza meneja mchana, na jioni turudi nyumbani tuache wembe kwenye sinki. Basi kila mwanachama mwenye mtumishi aanze kwake wiki hii: jozi ya glavu, jerikani la nyembe, na siku moja ya ruhusa yenye mshahara ili mtu aende kuchanjwa. Haya hayangoji Bunge.

Tena katika kila tawi letu, wasafishaji walioletwa na makontrakta wasikilizwe na wajumbe wetu kama watu wa nyumba moja. Akichomwa mmoja, mjumbe aende naye hospitali na akae mpaka karatasi ipatikane. Na wale wa majumbani waambiwe kuwa kiko chama chao, KUDHEIHA, cha watu wa majumbani, hoteli, shule na hospitali. Mwambie yaya wako, mwambie na wa jirani. Wakubwa hawaogopi yaya mmoja anayelia jikoni. Wanaogopa mayaya mia walio na kadi.

Wazee walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wa siku hizi ni sindano ndani ya mfuko mweusi, na anayeukanyaga ni mtu ambaye hakuuweka. Asiyeuona kwa sababu mguu si wake, na aonyeshwe. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini sisi tu vidole vingi.

Shime ndugu. Isomeni karatasi hii, ipitisheni, msiitie katika faili. Na atakayekuwa na habari ya msafishaji aliyechomwa akanyimwa matibabu, ailete kwa katibu wa tawi lake kabla ya mkutano ujao, ili tusimame na jambo lenye tarehe na mahali.

Umoja ni nguvu.